Kabla ya Kufomati, Zitazame Faili

Kwenye kazi ya kupiga Windows yapo mambo mengi unayoweza kuyarekebisha kesho. Draiva ikikosekana utaitafuta, jina la mtumiaji likikosewa utalibadilisha, programu isiyotakiwa utaiondoa. Ukubwa wa klasta, yaani kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho faili hupewa kwenye diski, ni habari nyingine. Patisheni, yaani sehemu iliyotengwa ya diski, ikishafomatiwa na kujazwa data, kubadilisha klasta zake maana yake ni kuhamisha kila kitu, kufomati upya, kisha kurudisha. Mwenye diski moja tu, asiye na pa kuhamishia, anabaki na alichopewa siku ile ya kwanza. Ndiyo maana jambo hili nalipa uzito, ingawa mafundi wengi niliofanya nao kazi Kariakoo hulipita kwa kubonyeza kitufe cha kuendelea na kusonga mbele.

Nianze na msimamo wangu. Patisheni ya mfumo iache kwenye klasta za 4KB, usihangaike nayo. Pa kufikiri ni kwenye patisheni ya data, na pale usianze kuangalia diski ina terabaiti ngapi. Angalia faili zitakazokaa humo: ni nyingi kiasi gani, na moja moja ina ukubwa gani. Hilo sikulisoma mahali. Nimelipata kwa wateja, kila mmoja na tatizo lake, na karibu wote walikuja wakiamini ni virusi.

Diski haigawi nafasi kwa baiti moja moja. Chini kabisa kuna sekta, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za baiti 512 na kwenye diski nyingi za leo ni za baiti 4096. Mfumo wa faili huzikusanya sekta hizo kuwa klasta, na klasta ndiyo nafasi ndogo kabisa ambayo faili inaweza kupewa. Fikiria gesti: mgeni akija peke yake analipia chumba kizima, hata kama kina vitanda vitatu, na hakuna mwingine atakayelazwa humo mpaka aondoke. Faili ya 5KB kwenye klasta za 4KB huchukua klasta mbili, yaani 8KB. Faili ileile kwenye klasta za 64KB huchukua 64KB, na 59KB zinabaki bure bila mtu wa kuzitumia.

Kwa makadirio ya kawaida, kila faili hupoteza nusu ya klasta yake ya mwisho. Ukiwa na faili 200,000, klasta za 4KB zitakupotezea takriban MB 400. Klasta za 64KB zitakupotezea kama GB 6.4. Kwenye diski ya terabaiti moja hizo GB 6 hazimnyimi mtu usingizi. Kwenye SSD ya GB 128 yenye Windows, Office na kazi za mtu za miaka mitatu, zinaonekana mara moja. Na Windows yenyewe ni mkusanyiko wa faili ndogondogo kwa maelfu mengi, kwa hiyo patisheni ya C ni mahali pabaya pa kujaribia klasta kubwa.

Kuna jambo moja kuhusu NTFS, mfumo wa faili wa kawaida wa Windows, ambalo watu wachache hulijua. Kila faili ina rekodi yake kwenye jedwali kuu linaloitwa MFT, na rekodi hiyo kwa kawaida ni ya 1KB. Faili ikiwa ndogo sana, ya baiti mia chache, maudhui yake huandikwa humohumo ndani ya rekodi na haichukui klasta yoyote. Ndiyo sababu wakati mwingine ukitazama sifa za faili ndogo ya maandishi unaona ukubwa wake kwenye diski ni sifuri. Hakuna kilichoharibika.

Mteja aliyenifundisha zaidi kuhusu klasta hakuwa na habari kwamba kuna kitu kinaitwa klasta. Ni dada anayefanya kazi studio ya picha, ile inayopiga picha za vitambulisho vya wanafunzi kwa shule nyingi. Alikuja na fleshi ya GB 64 akaiweka mezani.

"Fundi, hii fleshi ina virusi. Folda kwenye kompyuta haifiki giga moja. Nikiikopi huku inakuwa giga saba."

"Umeiskani?"

"Nimeiskani, haioni kitu. Lakini angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Picha zilikuwa kama elfu sitini, ndogo ndogo, wastani wa 15KB kila moja. Kwenye kompyuta yake, NTFS yenye klasta za 4KB, kila picha ilichukua 16KB, na jumla ikawa haijafika GB 1. Fleshi ilikuwa imefomatiwa kwa exFAT, mfumo mwingine wa faili. Windows ikifomati kwa exFAT chombo kinachozidi GB 32, kwa chaguo la kawaida huweka klasta za 128KB. Kila picha ya 15KB ilipewa 128KB. Zidisha kwa elfu sitini, unapata zaidi kidogo ya GB 7. Picha hazikuongezeka hata baiti moja.

Nilimfungulia dirisha la sifa za folda na kumwonyesha mistari miwili inayofuatana: ukubwa wa faili zenyewe, na ukubwa zinaochukua kwenye diski. Tulifanya hivyo kwenye kompyuta, tukafanya na kwenye fleshi. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa kote kuwili, wa pili ukatofautiana mara nane. Dada alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali zuri: "Sasa kwa nini wanaiweka hivyo?" Kwa sababu exFAT ilitengenezwa kwa ajili ya kadi za kamera na fleshi, vyombo ambavyo kwa kawaida hubeba faili kubwa. Kwa video, klasta ya 128KB haina hasara ya maana. Kwa picha za vitambulisho, hasara ndiyo hiyo aliyokuwa anaitazama.

Sikufomati chochote siku hiyo. Nilizifunga picha zote kwenye faili moja ya zip, nikaihamishia kwenye fleshi. Faili moja hupoteza klasta moja tu, tena sehemu yake. Pia kukopi kulikwenda haraka kuliko mwanzo, maana fleshi huchoka na faili elfu sitini kuliko na faili moja nzito. Toka siku hiyo, mteja akiniambia nafasi imeisha ghafla, kabla ya kuwaza virusi natazama ile mistari miwili.

Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa na tabia ya kugawa kila diski vipande vidogo, hata pasipokuwa na haja. Nilipomuuliza, alinieleza enzi alizoanzia kazi, na maelezo yake yalinifungua macho kuhusu mapendekezo mengi ya zamani yanayozunguka hadi leo. Wakati wa Windows 95 mfumo wa faili ulikuwa FAT16. Huo unaweza kuhesabu klasta zisizozidi kama 65,500 tu. Kwa hiyo diski ilipokua, kitu pekee kilichoweza kukua pamoja nayo ni klasta. Patisheni iliyozidi GB 1 hadi GB 2 ililazimika kuwa na klasta za 32KB, na hapo ndipo mwisho wake ulipofika. Barua ya 3KB ilichukua 32KB. Ofisi yenye maelfu ya barua ilipoteza sehemu kubwa ya diski iliyonunuliwa kwa fedha nyingi. Ukigawa vipande visivyozidi MB 512, klasta zinashuka hadi 8KB. Mzee alikuwa anaokoa fedha za watu, na kwa wakati ule alikuwa sahihi kabisa.

FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, klasta zikarudi 4KB kwa patisheni zisizozidi GB 8. Halafu NTFS, iliyokuwapo tangu Windows NT ya 1993, ikaingia kwenye kompyuta za nyumbani kupitia Windows XP. NTFS kwa chaguo la kawaida huweka klasta za 4KB mpaka patisheni ifike TB 16. Sijawahi kuletewa mezani kwangu patisheni moja iliyofika huko. Maana yake ni kwamba sababu ya mzee ya kugawa vipande imekwisha, ila tabia imebaki. Bado naletewa laptopu ambayo diski yake imekatwa C, D, E na F, C imejaa mpaka Windows haiwezi kujisasisha, na F haina kitu.

Kutoka enzi hizohizo kulikuwa na balaa la upande wa pili, klasta ndogo kupita kiasi. Kwenye Windows 2000, ukichukua patisheni ya FAT32 na kuigeuza kuwa NTFS kwa amri ya convert, data ilibaki salama lakini mara nyingi klasta zilitoka za baiti 512. Nilikutana na mashine ya namna hiyo kwenye ofisi ya uhasibu nikiwa bado najifunza. Taa ya diski haikuzimika. Faili ya MB 1 iliyostahili klasta 256 ilihitaji klasta 2,048, na baada ya miaka ya kuandika na kufuta, vipande vyake vilitawanyika kila kona ya diski. Tulihamisha data, tukafomati upya kwa 4KB, tukarudisha. Mashine ilipata nafuu ambayo kila mtu ofisini aliiona. Lakini hapa naomba niwe mkweli: sehemu ya nafuu ile ilitokana na faili kuandikwa upya kwa mpangilio, kila moja mahali pamoja. Sikuwa na njia ya kujua klasta peke yake zilichangia kiasi gani, na namtilia shaka yeyote anayetaja asilimia bila kupima.

Hilo linanileta kwenye kasi, maana ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Kijana mmoja anayepiga video za harusi alinunua diski ya nje ya TB 4 akaniletea moja kwa moja, hata boksi hajafungua. Alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba klasta za 64KB zitafanya diski "iruke". Nilimwambia ukweli kwamba klasta za 64KB zinamfaa, ila sababu ni nyingine.

Faili zake ni za GB kadhaa kila moja, kwa hiyo kupoteza 32KB kwenye faili ya namna hiyo hakuna maana yoyote. Anachopata ni wepesi wa usimamizi. NTFS huweka rekodi ya klasta ipi imechukuliwa na ipi iko tupu, biti moja kwa kila klasta. TB 4 zikigawanywa kwa klasta za 4KB zinatoka klasta karibu bilioni moja, na rekodi hiyo peke yake hufika kama MB 122. Kwa klasta za 64KB inashuka chini ya MB 8. Pia faili kubwa ikikatika vipande, vipande huwa vichache. Hizo ni faida za kweli, lakini hazimfanyi mtu aone tofauti kwa macho anapokopi harusi ya jana.

Tofauti aliyoiona kwa macho ilitoka kwingine. Baada ya kuifomati aliichomeka kwenye poti ya mbele ya kompyuta yake, na ile ilikuwa USB 2. Kwa poti ya aina hiyo diski ya nje hupata takriban MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 30 za video zilimchukua zaidi ya robo saa. Tulihamisha waya kwenda poti ya USB 3 nyuma ya mashine, na kwa diski ileile, klasta zilezile, kazi ile ikashuka hadi dakika tano hivi. Kijana alicheka. Mimi nilifurahi zaidi kuliko yeye, kwa sababu angeondoka na diski iliyofomatiwa vizuri akaendelea kuteseka.

Kwake tuligawanya kazi hivi: video ghafi na harusi zilizokamilika zikae kwenye diski ya TB 4 yenye klasta za 64KB. Miradi ya uhariri ibaki kwenye SSD ya ndani yenye 4KB, kwa sababu programu za kuhariri huzalisha maelfu ya faili ndogo za muda, vijipicha na michoro ya sauti. Mtu anasema "mimi nafanya video" ukadhani faili zake zote ni kubwa. Fungua folda ya mradi wake utashangaa.

Klasta kubwa zina gharama nyingine, mbali na nafasi. Ule mbano wa NTFS, unaofanya folda ichukue nafasi ndogo na faili ziendelee kufunguka kama kawaida, haufanyi kazi klasta zikizidi 4KB. Mhasibu mmoja aliyezoea kubana folda za miaka iliyopita alikuta chaguo hilo halipatikani tena baada ya mtu kumfomatia diski yake kwa 64KB. Upande wa pili, ukifunga programu ya uhasibu inayotumia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, na data yake ina patisheni yake yenyewe, 64KB ni chaguo lenye mantiki. SQL Server hupanga data kwa kurasa za 8KB na kuzigawa nane nane, na nane mara 8KB ni 64KB. Microsoft wenyewe hupendekeza hivyo. Programu ikae C, data ikae kwenye patisheni hiyo.

Sasa kuna tatizo ambalo watu hulitwisha klasta ilhali klasta hazina kosa. Limenichukulia muda mwingi kuliko yote haya, na bado naliona mara mojamoja kwenye mashine kuukuu zilizobadilishwa diski.

Windows XP ilikuwa ikianza patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63. Sitini na tatu mara 512 ni baiti 32,256, na namba hiyo haigawanyiki kwa 4096. Kwa diski za zamani za sekta za 512 haikuwa na madhara. Diski za sekta za 4096 zilipoanza kuenea mnamo 2010 na 2011, mambo yakabadilika. Kila klasta ya 4KB ikawa imekaa sehemu sekta hii, sehemu sekta ile. Ukiandika klasta moja, diski inalazimika kusoma sekta mbili, kuzibadilisha, kisha kuziandika tena zote mbili. Diski mpya kabisa inakuwa nzito kuliko ile iliyotolewa. Windows Vista na zilizofuata huanza patisheni kwenye baiti ya 1,048,576, na hiyo inagawanyika vizuri.

Tatizo huingia mtu anapochukua diski ya zamani ya XP na kuinakili nzima nzima kwenda diski mpya au SSD. Makosa ya mpangilio huhamia pamoja na data. Mteja analalamika, fundi anabadilisha ukubwa wa klasta, hakuna kinachobadilika, kwa sababu klasta za ukubwa wowote zinaanzia mahali palepale pabaya. Kulitambua ni rahisi. Fungua msinfo32, programu ya taarifa za mfumo iliyomo ndani ya Windows, nenda kwenye sehemu ya diski, tazama namba ya mwanzo wa kila patisheni, uigawe kwa 4096. Ikibaki sehemu, umeshapata jibu. Hapo ndipo kufomati upya kunastahili, tena kwa kufuta patisheni yenyewe na kuiunda upya. Kufomati patisheni ileile hakusaidii, maana mwanzo wake haujasogea.

Kuhusu SSD, naulizwa kama klasta zinapaswa kulingana na ukurasa wa ndani wa chipu. Hapana, usijisumbue. Kidhibiti cha SSD kina ramani yake na hupanga maandishi kivyake. Hakikisha patisheni inaanzia mahali sahihi, uache 4KB, uendelee na kazi.

Wakati wa kupiga Windows yenyewe, setapu haikuulizi ukubwa wa klasta. Ukibonyeza kufomati, inaweka chaguo la kawaida. Ukitaka kuweka mwenyewe, hasa kuandaa patisheni ya data kabisa kabla mteja hajaanza kuijaza, bonyeza Shift na F10 kwenye skrini ya setapu, utapata dirisha jeusi la amri. Andika diskpart, kisha list disk. Hapa ndipo ninapowaambia vijana wasimame wavute pumzi. Namba za diski hazifuati unavyodhani, na diski ya nje iliyosahaulika kwenye poti nayo imo kwenye orodha. Mimi huchomoa kila kitu kisichohusika kabla ya kuwasha mashine. Amri ya clean, inayofuta patisheni zote za diski, haiulizi mara mbili. Ukishaichagua diski sahihi kwa kulinganisha ukubwa wake, ukaunda patisheni na kuichagua, amri ni moja: format fs=ntfs unit=4096 quick kwa ya mfumo, au unit=65536 kwa ile ya video. Kazi ikiisha na Windows ikiwaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fsutil fsinfo ntfsinfo C: na usome mstari unaotaja baiti kwa kila klasta. Uone namba kwa macho yako kabla mteja hajaondoka.

Zipo programu zinazodai kubadilisha ukubwa wa klasta bila kufuta data. Zinafanya kazi, nimeziona zikifanya kazi. Lakini zinaisogeza kila faili iliyomo, kwa saa nyingi, na umeme wetu tunaujua. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, unaweza kubakiwa na diski ambayo nusu yake imepangwa kwa hesabu moja na nusu kwa nyingine. Mteja akitaka kazi hiyo, kwanza bakapu. Na bakapu ikishapatikana, kufomati upya na kurudisha ni haraka na ni salama zaidi, kwa hiyo programu hizo sizihitaji.

Kisa cha mwisho ni cha Linux, na nakiweka kwa sababu wanaohamia huko hudhani wameachana na mambo haya. Ofisi moja Morogoro ilikuwa na seva ya barua pepe iliyofungwa na mtu mwingine kabla yangu. Siku moja barua zikaacha kuingia, na kumbukumbu za seva zikaandika kwamba nafasi imekwisha kwenye diski. Waliokuwapo waliandika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika, wakaona patisheni ya GB 200 haijatumika hata robo. Wakafuta taka kidogo, barua zikaingia saa chache, zikagoma tena. Walikuwa tayari wanajadili kununua diski mpya.

Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, ukubwa wa bloku, ambao ndio klasta yao, kwa kawaida ni 4KB na si rahisi kukosea hapo. Lakini kuna hesabu ya pili inayofungwa siku ya kufomati: idadi ya inodi. Inodi ni rekodi ya faili; kila faili inahitaji moja, na zikiisha hakuna faili mpya hata kama gigabaiti ziko tele. Niliandika df -i, inayohesabu inodi. Inodi zilikuwa zimetumika asilimia 100. Aliyeifunga seva alifomati kwa mpangilio wa largefile, unaotoa inodi moja kwa kila MB 1, bila shaka akifikiri diski kubwa inataka mpangilio wa faili kubwa. GB 200 zikapata inodi laki mbili na ushei tu. Na seva ile ilihifadhi barua kwa mtindo wa Maildir, ambapo kila barua ni faili yake yenyewe. Ofisi ilikuwa imefikisha barua laki mbili.

Inodi huwezi kuziongeza kwenye patisheni ya ext4 ikiwa na ukubwa uleule. Tulisimamisha seva Ijumaa jioni, tukanakili barua zote kwenda diski ya nje, tukafomati upya. Mjadala mfupi uliokuwapo ni tuweke inodi kiasi gani. Mmoja alitaka ziwe nyingi iwezekanavyo, asije akarudi hapo tena. Lakini inodi nazo hula nafasi, baiti 256 kila moja. Tungeweka moja kwa kila 8KB tungepata milioni 26, na jedwali lake lingemeza zaidi ya GB 6 kabla ya barua ya kwanza. Chaguo la kawaida, moja kwa kila 16KB, linatoa milioni 13 kwa nusu ya gharama hiyo. Ofisi iliyochukua miaka kufikisha barua laki mbili haina haja ya zaidi. Tukaandika amri ya kufomati, mkfs.ext4, bila nyongeza yoyote, tukarudisha barua, na asubuhi ya Jumatatu zilikuwa zinaingia. Sasa kwenye kila seva ninayoisimamia, ripoti ya kila wiki hunijia na df -i chini ya df -h.